Mtu wa Mbele ya Humber

Ukitaka kuzungumza na Asta Man Nakarmi ilikubidi uzungumze na miguu yake. Karakana yake ilikuwa Patan, mji wa Nepal unaopakana na Kathmandu, katika uchochoro unaotokea Lagankhel, na mteja akiingia alimkuta kichwa kimezama ndani ya gari, nyundo inagonga, miguu tu imebaki nje. "Nani?" aliuliza kutoka huko huko ndani. Akishajua ni nani na ana shida gani, alitoka polepole, akafuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko uchafu wenyewe ulivyotaka, huku macho yakiwa kwenye gari, si kwa mtu.

Shule aliiacha darasa la tano. Mjomba wake alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, akamtia nyundo mkononi, na tangu siku hiyo Asta Man akawa msomaji wa mabati. Alijua bati lililogongwa na ng'ombe na lililogongwa na ukuta. Alijua fundi wa Bhaktapur ananyoosha vipi na wa Kalimati anadanganya vipi kwa kupaka rangi nzito. Hayo hakuwa akiyasema. Yalikaa tu kichwani mwake, kama nafaka ghalani.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: picha ya zamani yenye gari ndani yake. Haikujalisha gari lilikuwa dogo kiasi gani, limesimama nyuma ya mahujaji au limekatwa nusu na ukingo wa picha. Mwonyeshe kona ya taa na kipande cha madigadi, atakwambia ni gari gani, na mara nyingi atakwambia limepitia mikono ya nani.

Siku moja mkewe, Nani Shova, aliwatolea wageni picha ya harusi yao. Wageni wakamsifu bibi harusi, wakasifu maua, kisha wakamgeukia bwana mwenyewe naye aseme neno. Asta Man akainama juu ya picha kama mtu aliyedondosha sarafu.

"Ile Corolla nyuma ya baba mkwe," akasema, "ilibadilishwa mlango."

"Mnaona?" Nani Shova akawaambia wageni. "Mimi nimesimama hapo na dhahabu ya kuazima mpaka puani, mwenzangu kaoa mlango."

Aliyefaidi kipaji hicho alikuwa jirani yao, Gyan Ratna Chitrakar, mpiga picha. Baba yake alimwachia studio na makasha ya picha za kale, nyingine zikiwa kwenye vioo, kama zilivyopigwa kabla ya filamu, na watu walikuja kutafuta humo mababu zao. Gyan Ratna akikwama, alisimama mlangoni pa karakana na kuita ile miguu: "Kaka Asta, njoo uniambie hii ni ya lini." Maana picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko gari lililomo. Asta Man alitazama, akataja gari, akanywa chai, akarudi zake kazini.

Chai hiyo ililetwa na dada Sanimaya Moktan, mwenye kibanda ng'ambo ya uchochoro. Sanimaya alikuwa wa kabila la Watamang, watu wa milimani, na ulimi wake uliwatoza wateja hata pale ambapo chai ilikuwa ya bure. Mwenye gari jipya akipiga honi ili apishwe, Sanimaya alitoka na birika mkononi.

"Piga, piga! Hicho kigari chako kimekuja kwa barabara, kimekaa kitako kama mgonjwa. Baba yangu alileta gari Kathmandu kwa bega!"

Na hilo halikuwa jambo la kubishia. Kabla barabara haijavuka milima, kila gari lililozunguka mjini liliingia juu ya mabega ya wapagazi. Lilivuliwa magurudumu, likafungwa juu ya magogo marefu, umati wa wanaume ukaingia chini yake, na mbele yao akatembea mwimbishaji, akiimba ili miguu yote ikanyage pamoja. Jitman Moktan, baba yake Sanimaya, alikuwa mwimbishaji. Alikufa kwa homa ya nyanda za chini, kwenye mbu, mkewe akiwa na mimba. Sanimaya hakuwahi kumwona, na hakukuwa na picha.

Mwaka mmoja mama yake Sanimaya naye akafariki, mzee wa siku nyingi. Ikabidi ifanywe ghewa, ile ibada kubwa ambayo kwayo lama, kuhani wa Kibudha, humwita marehemu mara ya mwisho, akalishwa, akaagwa, akaonyeshwa njia ya kwenda. Ya baba ilikuwa haijafanywa hata siku moja, kwa kukosa uwezo. Lama akasema wote wawili wanaweza kuagwa pamoja. Sanamu mbili zitavikwa nguo, na kama watu wafanyavyo siku hizi, kila sanamu itawekewa picha ya mwenyewe.

Sanimaya alikuja karakana bila birika. Hilo peke yake lilimfanya Asta Man atoe kichwa.

"Kaka, mama yangu nina picha yake, ile ya kitambulisho. Kanuna, lakini ndiye. Baba je? Mama atakaa pale na uso wake, baba akae kama gunia la viazi?"

Asta Man akafuta mikono.

"Mama alisema gari la mwisho alilobeba baba, safari iliyompa homa, lilikuwa na macho matatu. Mawili kama magari yote, na la tatu katikati, chini ya pua. Wewe unajua magari. Nitafutie gari, mimi nitampata mtu. Mwimbishaji huwa mmoja tu, naye hutangulia mbele."

"Nitatazama," akasema Asta Man. Kwake hilo lilikuwa hotuba.

Kila alasiri baada ya kufunga kazi akawa anakwenda studio kupekua makasha, lenzi mkononi. Akapita maharusi, wakubwa na mbwa wao, mafuriko, mazishi. Picha za wapagazi na magari zilikuwepo, lakini taa zilikuwa mbili mbili. Kisha katika kasha la chini kabisa, kwenye kioo kilichopasuka pembeni, akaliona: Humber kubwa nyeusi, gari la Kiingereza la kabla ya vita kuu vya pili, iko juu ya mabega ya watu katikati ya mto wenye mawe. Taa ya tatu ilining'inia mbele ya shoo, ule wavu wa puani mwa gari, kama hirizi shingoni.

Na mbele ya gari, maji yakiwa magotini, mwanamume mwembamba alikuwa amewageukia wenzake, mdomo wazi, mkono juu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa upande, kimefunika sikio la kushoto. Uso ulikuwa safi kama umepigwa jana.

Gyan Ratna alitoka mbio hadi kibandani. Sanimaya alikuja, akatazama, akakaa sakafuni. Hakulia mara moja. Alisema kwanza, "Mbona ni mdogo? Ni mdogo kuliko mwanangu." Ndipo akalia, na uchochoro mzima ukaja kumtazama Jitman. Muuza mboga akasema pua ni ile ile. Fundi cherehani akasema mdomo ndio ule ule, kwa sababu uko wazi. Sanimaya akamrushia kitambaa cha meza huku akicheka na machozi yakimtoka. Gyan Ratna akaahidi kuikuza picha na kuitia fremu, zawadi yake kwa marehemu.

Asta Man peke yake ndiye aliyebaki ameinamia kioo.

Wengine wakimtazama mtu, yeye alitazama bati. Puani mwa boneti kulikuwa na doa zito lisilong'aa, lenye punje nyeupe, limechuruzika na kukauka, doa jipya juu ya doa la zamani. Kila mtu wa bonde la Kathmandu anajua doa hilo. Sikukuu ya Dashain ikifika, gari huoshwa, huvishwa maua, huchinjiwa mbuzi au bata, kisha hupakwa puani unga mwekundu uliokandwa na mchele. Na madigadi ya kushoto ilikuwa imegongwa na kunyooshwa, imebaki na vijishimo vya duara, kama tumbo la mtungi wa shaba. Hakuna kiwanda kinachonyoosha hivyo. Zamani zile, gari likibonyea, lilipelekwa kwa wafua vyungu vya shaba wa Patan, nao wakalifua kama chungu.

Basi Humber hii haikuwa ikija mjini. Ilikuwa imeshakaa mjini, imekula Dashain zaidi ya moja, imegongwa, imetengenezwa. Hapo mtoni ilikuwa inaondoka, inarudishwa India ilikotoka, ikabadilishwe na jipya.

Akaketi juu ya kasha. Jitman ndiye aliyelileta gari la macho matatu. Sanimaya amelisema hilo maisha yake yote. Kama gari lilikuja na Jitman, naye akafa kwa safari hiyo hiyo, kisha gari likakaa miaka, siku linaondoka Jitman alikuwa marehemu wa siku nyingi. Na huyu mwenye mdomo wazi alikuwa baba wa mtu mwingine.

Siku mbili tatu hakusema. Nyundo yake ilianza kugonga mahali pasipobonyea. Nani Shova akaisikia.

"Una nini?"

Akamweleza, kwa vipande vipande.

"Ana uhakika na baba yake, nawe una uhakika na bati lako," mkewe akasema. "Nyamaza basi. Amefurahi."

"Lama ataita jina la Jitman, na uso utakuwa wa mtu mwingine. Nani atakuja? Na yule mwingine, kwao hawajui kwamba anaagwa na watu wasiomjua."

Nani Shova akatua kisu cha vitunguu. "Kumbe umeshaamua. Unatafuta tu mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi unanijua, nitamwambia vibaya."

Akavuka uchochoro asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Sanimaya alikuwa amekwisha kutundika picha iliyokuzwa juu ya jiko, na kuiwekea maua ya manjano. Asta Man aliongea akiwa ametazama birika. Alieleza doa, alieleza vijishimo. Alipomaliza, maji yalikuwa yamechemka mpaka yanamwagika na hakuna aliyeyashughulikia.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, dada."

"Siku ile ile! Ukaniacha nimnunulie maua mtu baki? Nimeongea naye kila asubuhi. Nimemweleza habari za mkwe wangu!" Akaishusha picha ukutani, akaigeuza uso chini kwenye benchi, kisha akaigeuza tena juu kana kwamba inakosa pumzi. "Baba yangu alileta gari. Hata kwa wale wakubwa wenye nyumba ambako mama alikuwa akiosha vyombo, walikuwa wananiambia: baba yako alituletea magari. Sasa unaniambia nini? Kwamba sina hata hilo?"

"Sikusema hivyo."

"Wewe husemi kamwe! Ndiyo shida yako!"

 Asta Man angeweza kurudi karakana akaingiza kichwa ndani ya gari lolote, hata lisilo na kasoro. Badala yake akasema, "Kuna mtu aliyemfahamu baba yako? Aliye hai?"

Sanimaya akafuta pua kwa ncha ya kilemba. "Shangazi. Mdogo wake. Yuko Chitlang na mbuzi wake. Nilitaka aione picha siku ya ghewa, iwe furaha kwake." Akafikiri. "Vaa viatu. Uliyeibomoa ndiye utakayekwenda nami."

Wakapanda jipu la kwenda Chitlang, likawatikisa juu ya mlima na kuwashusha upande wa pili. Sanimaya alikumbatia picha iliyofungwa kwa shali. Hakumsemesha Asta Man njia nzima, ila mara moja, jipu liliporuka shimo: "Na hili nalo limepakwa unga puani. Labda nalo si la huyu dereva."

Shangazi Buddhimaya alikuwa mfupi, amekunjamana kama tunda kavu, na meno machache aliyokuwa nayo aliyaonyesha bila hofu. Aliwapa mchele wa kupondwa na maziwa ya mgando, akamkagua Asta Man juu mpaka chini.

"Huyu bubu ni nani? Umeolewa tena?"

"Shangazi! Ni fundi. Ndiye aliyepata picha, na ndiye aliyeiharibu." Sanimaya akamweleza yote: gari la macho matatu, mto, doa la Dashain, na kwamba gari lilikuwa linaondoka, kwa hiyo mwimbishaji si baba.

Bibi akamtazama kama anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"Kwa hiyo? Lilikuwa linaondoka. Ndiyo."

"Ndiyo nini, shangazi?"

"Ninyi watu wa bondeni! Mnafikiri magari yalipanda tu, yakiisha yanayeyuka? Yalipanda, yakashuka. La kupanda tuliliita bibi harusi, kwa sababu limebebwa kwa machela, limefunikwa, na kila mtu anauliza lina uzuri gani. La kushuka tuliliita mama mkwe. Bibi harusi mpya akija, mama mkwe anarudishwa kwao. Kaka Jitman alikuwa anashuka na mama mkwe."

Asta Man alisahau kuona haya. "Lile la macho matatu hakulileta yeye?"

"Alilete vipi? Lilipopanda alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alitoroka kwenda kulitazama, mbuzi wakala mahindi ya watu, akachapwa. Alikua nalo kichwani. Lilipokuja kushuka ndiyo alikuwa mwanamume, ana sauti, ana mke mwenye mimba yako wewe. Dashain ilikuwa imepita. Wakalifikisha, wakaambiwa wasubiri jipya huko chini penye mbu. Ndiko alikookota homa." Akamgeukia Sanimaya. "Mama yako alikuambia alilileta?"

 "Mama alisema alilibeba," Sanimaya akajibu taratibu. "Kulileta, hayo walisema wenye nyumba."

"Wenye nyumba wanakumbuka kinachoingia mlangoni kwao. Lete hiyo picha."

Shali likafunguliwa. Bibi aliichukua mpaka nje penye jua, akaipangusa na kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Asta Man alikaa kwenye kizingiti. Alijua gari ni lile, alijua linakokwenda, lakini sasa bati halikuwa na neno zaidi la kumwambia. Lililobaki lilikuwa la yule bibi.

"Kitambaa," akasema Buddhimaya. "Mnaona alivyofunika sikio? Mbwa wa jirani alimng'ata utotoni, likabaki nusu. Alikuwa anaona haya. Mbele ya watu wote anapiga kelele kama jogoo, na sikio analificha." Kidole chake kikapita juu ya mdomo ulio wazi. "Na hapa mnadhani anaimba sala? Anamtukana mwenye gari. Ndivyo walivyotembea." Akakohoa, kisha akaimba kwa sauti nyembamba:

*Tajiri yuko kitandani — inua!*
*Mke wake yuko kioo­ni — inua!*
*Mama mkwe tumbo zito — inua!*
*Alikula mbuzi wetu wote — inua, twende!*

Sauti ikamkatikia katikati ya kicheko. Akaiweka picha kifuani. "Kaka," akaiambia, "umekuja na maji miguuni. Ingia ndani."

 Sanimaya alimshika Asta Man mkono, ule mkono mweusi wa grisi isiyotoka, akaubana mpaka ukauma.

Ghewa ilifanyika huko huko Chitlang, majani ya mpunga yakiwa yamekauka mashambani. Gyan Ratna alikuja na fremu mpya. Alikuwa ametaka kuikata picha abaki Jitman peke yake, kichwa na mabega, kama inavyofanywa kwa heshima. Buddhimaya alimkataza kwa fimbo. "Umkate aende wapi peke yake? Alikuwa na watu." Basi sanamu ya mama ikakaa na uso wake ulionuna wa kitambulisho, na pembeni yake sanamu ya baba ikakaa na mto mzima, wapagazi wote na gari juu yao. Ngoma zikalia, lama akaita majina mawili. Sanimaya aliwapa wote wawili chakula kwa mkono wake mwenyewe, akawanong'oneza mambo marefu.

Wakati wa kula, watu wakaanza kuisogelea picha. Mwanzoni kwa ajili ya Jitman. Kisha mzee mmoja akaegemea karibu zaidi. "Huyu wa nyuma ya taa. Hii miguu ya kupinda. Si baba yake Santa Bir?" Santa Bir akaitwa kutoka kwenye pipa la pombe, akaja bado anatafuna, akaacha kutafuna. Mama mwingine akasukuma watu apite. Kelele zikapanda: sogea, nipishe, nami nione, huyo si wenu, wenu alikuwa mfupi. Mtu akauliza kwa nguvu ni gari gani hili, na Sanimaya akamsukuma Asta Man mbele, katikati ya macho yote yale.

Shingo ikamwiva kwa haya. Akafuta mikono ingawa ilikuwa safi.

"Ni Humber," akasema, na walipomtaka apaze sauti akapaza. "Humber ya kabla ya vita. Ni nzito. Vyuma vyake ni vya unene huu." Akawaonyesha kwa vidole, na wakaguna kwa fahari, kwa sababu uzito huo ulikuwa wa baba zao.

Akatoa lenzi mfukoni, akainama. Miaka yote alikuwa ameyapita mabega yaliyo chini ya gari kama mtu apitavyo uzio. Nyuma ya gurudumu lililokosekana palikuwa na uso uliofichwa nusu na gogo, jicho moja tu linaonekana, limemtazama mpiga picha moja kwa moja.

"Na huyu," Asta Man akawauliza, bila kuinua kichwa, "huyu ni wa nani?"